Ahadi ni deni, utabiri si deni: Tunavyoikosea 'shall' ya Waingereza

KIINGEREZA kina vitenzi visaidizi tisa vifupi ambavyo vimewatoa jasho wanafunzi wa Kenya kwa vizazi kadhaa: can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Havibadiliki umbo hata nafsi ya tatu ikija, na kila kimoja kinaweza kubeba maana mbili au tatu. Wanaisimu huviita vitenzi modali. Kazi yake si kutueleza kilichotendeka bali kutueleza jambo limekaaje: ni la lazima, ni la ruhusa, lawezekana, au ni la kukisiwa tu.

Leo sikusudii kuwafunza wasomaji wangu Kiingereza. Kazi hiyo ina wenyewe. Ninataka kuhakiki namna tunavyovitafsiri vineno hivi, hasa 'shall', katika mikataba, kanuni na nyaraka nyingine za kisheria zinazoandikwa kwa Kiswahili hapa nchini. Hoja yangu ni moja. Mazoea ya kuipokea 'shall' kwa kiambishi '-ta-' yanadhoofisha wajibu, na anayeumia ni yule asiyekuwa na nakala ya Kiingereza mkononi.

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi ya mkataba wa nyumba inayosema kwamba mpangaji 'shall pay' kodi kila tarehe tano ya mwezi. Wengi wao, na si wajinga hata kidogo, huandika bila kusita: "Mpangaji atalipa kodi kila tarehe tano." Nami huwauliza: anayesema kwamba mpangaji atalipa, anamwamuru au anamtabiria? Darasa hunyamaza kidogo, kisha mmoja hujibu, "Lakini Prof, si inaeleweka tu?" Ndiyo, inaeleweka, maadamu hakuna ugomvi. Ila mkataba hauandikwi kwa ajili ya siku ambazo watu wanaelewana. Huandikwa kwa ajili ya siku ambayo mmoja amekasirika na mwingine amezima simu.

Tuitazame asili ya maneno yenyewe. Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa 'shall' lilikuwa na maana ya kudaiwa: mtu alisema ana deni, kisha maana ikapanuka ikawa ana wajibu. Ndugu yake wa Kijerumani, Schuld, hadi leo lina maana ya deni na pia hatia. 'Will' nalo lilitokana na kitenzi chenye maana ya kutaka. Kwa hiyo Mwingereza wa kale alikuwa na njia mbili za kutazama kesho: kesho ninayoidaiwa na kesho ninayoitaka. Ile kanuni waliyokaririshwa wazee wenzangu darasani, kwamba 'shall' ni ya 'I' na 'we' ilhali 'will' ni ya nafsi zilizobaki, ilitangazwa na John Wallis katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1653. Tuliikariri kama sala, lakini hatukuambiwa kwamba nyuma yake kuna deni na matakwa.

Je, kiambishi chetu '-ta-' kimetoka wapi? Wanaisimu wanakubaliana kwa jumla kwamba ni kitenzi 'taka' kilichofupika. Ushahidi bado umo vinywani mwetu. Twasema 'atakuja', lakini tukiingiza kirejeshi, 'taka' hujitokeza nzima: 'atakayekuja', 'tutakapofika', 'watakachokula'. Msomaji ameona jambo lenyewe? '-ta-' ni ndugu wa 'will', si wa 'shall'. Tunapoitafsiri 'shall' kwa '-ta-', tunachukua deni tunaligeuza kuwa matakwa. Waswahili husema ahadi ni deni, na ni kweli. Lakini utabiri si deni, na '-ta-' peke yake haituambii kama tumepewa ahadi au tumepigiwa ramli.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya maprofesa wasio na shughuli. Basi tutazame mfano ambao nchi nzima iliushuhudia. Katiba yetu, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, inaagiza katika Vifungu vya 27 na 81 kwamba watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika mabaraza ya kuchaguliwa. Vifungu vyote viwili vimetumia 'shall'. Mwaka 2012 suala hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu kuomba ushauri: je, kanuni hiyo ianze kutumika katika uchaguzi wa Machi 2013, au itekelezwe hatua kwa hatua? Katika maoni yao ya tarehe 11 Desemba 2012, majaji walio wengi walisema kwamba 'shall' si kila mara amri ya papo hapo. Waliona huwa hivyo pale ambapo kazi yenyewe iko tayari kutekelezwa bila matayarisho mengine. Wakaamua kwamba utekelezaji ni wa hatua kwa hatua, na sheria husika itungwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, aliwapinga wenzake. Kwake yeye, wajibu ulikuwa umekwisha kuiva.

Muda ulifika, ukaongezwa, ukapita. Tarehe 21 Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa sababu lilikuwa limeshindwa kutunga sheria hiyo. Alitegemea Kifungu cha 261, ambacho kimetumia 'shall' mara mbili mfululizo: Jaji Mkuu 'shall' kumshauri Rais, naye Rais 'shall' kulivunja Bunge. Jaji Mkuu alitekeleza 'shall' yake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha ushauri huo kwa muda, kesi zikafuata, na Bunge likaendelea na shughuli zake hadi uchaguzi wa 2022.

Sisemi kwamba kiambishi '-ta-' ndicho kilichowanyima wanawake viti. Kesi hizo zilibishaniwa kwa Kiingereza, na siasa zilikuwa na mkono wake. Ninachosema ni kwamba kama 'shall' yenyewe, yenye ukoo wa deni, inaweza kuzusha mjadala mrefu namna hiyo mbele ya majaji na mawakili waliobobea, basi '-ta-' itakuwa na hali gani mbele ya mwenye nyumba, mpangaji na chifu?

Tena nyaraka za serikali zina mkeka wa kuangukia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini Kifungu cha 259 kinasema kwamba matoleo ya Katiba ya lugha tofauti yakikinzana, la Kiingereza ndilo lenye nguvu. Mtafsiri wa Katiba akiteleza, kuna pa kurejea. Kanuni za chama cha akina mama sokoni, makubaliano ya kukodisha shamba, au masharti ya kikundi cha maji hayana pa kurejea. Huko Kiswahili ndicho mwanzo na ndicho mwisho.

Kuna kikundi kimoja cha akiba kilichoniomba niwapitishie macho kanuni zao baada ya wanachama kukosana. Kifungu kilichowagombanisha kilikuwa na maneno manne tu: "Hesabu zitakaguliwa kila mwaka." Hazikuwa zimekaguliwa kwa muda mrefu. Wanachama walisema viongozi wamevunja kanuni. Viongozi nao wakajibu, kwa utulivu wa ajabu, kwamba kanuni haimtaji mtu, na kwamba kusema hesabu zitakaguliwa hakusemi zitakaguliwa na nani wala kabla ya lini. Kisarufi, viongozi hawakuwa wamekosea, na hilo ndilo lililoniudhi. '-ta-' ikiungana na kauli ya kutendwa huzaa deni lisilo na mdaiwa. Sentensi ambayo ingewalinda wanachama ni hii: "Ni lazima mweka hazina awasilishe hesabu kwa mkaguzi kabla ya tarehe 31 Machi kila mwaka." Hapo mdaiwa yupo, deni lipo na siku ya kulipa ipo.

Nikiwa mhakiki mwadilifu sina budi kuwasikiliza wanaoitetea '-ta-'. Wana hoja nzuri. Kwanza, wakati ujao wa Kiswahili huweza kuamuru. Mama akimwambia mtoto, "Utakwenda dukani, utanunua unga, na utarudi moja kwa moja," hatabiri chochote, na mtoto anajua. Pili, kuna mapokeo: Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imetumia wakati ujao katika vifungu vyake vingi, na majirani zetu wameishi nayo.

Kuhusu hoja ya kwanza, nguvu ya kauli ya mama haitoki katika '-ta-'. Inatoka katika sauti ya mama, jicho lake, na labda mwiko ulio mkononi. Karatasi haina sauti wala jicho. Kuhusu hoja ya pili, Watanzania wenyewe walihitaji msaada. Sheria yao ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza waziwazi katika kifungu cha 53 kwamba 'may' inapotoa mamlaka ina maana ya hiari, na 'shall' inapompa mtu jukumu ina maana kwamba jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Maneno yaliyofafanuliwa hapo ni ya Kiingereza. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Swali la ni umbo gani la Kiswahili linalobeba mzigo wa 'shall' litazidi kuwa zito kwao, na litatufikia na sisi.

Aidha, mapokeo ya tafsiri ya Kiswahili si ya '-ta-' peke yake. Katika amri kumi, pale ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia 'thou shalt not', Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ilitumia 'usi-'. Watafsiri wake hawakuwatabiria waumini kwamba hawataua wala hawataiba. Waliwakataza. Dhamira tegemezi ikafanya kazi yake kwa silabi chache, na hakuna muumini aliyewahi kuuliza kama hiyo ni amri au ni utabiri wa hali ya hewa.

Na hapa ndipo ninapokasirika kidogo na wale wanaodai ati Kiswahili ni lugha changa isiyoweza kubeba sheria. Kiswahili kina hazina ya maneno ya wajibu ambayo Kiingereza kingeionea gere. Tuna lazima, sharti, budi, wajibu na faradhi. Tuna vitenzi kupasa, kubidi, kulazimu na kustahili. Tuna hiari, ruhusa, idhini na hisani. Waislamu wa pwani, kupitia fiqhi, wamepanga matendo kwa daraja tano kwa karne nyingi: faradhi, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Lugha ambayo wasemaji wake wanaweza kutofautisha lililokatazwa na lisilopendeza, na lililofaradhishwa na lililopendekezwa, haiwezi kuambiwa haina neno la 'shall' au 'should'. Inalo, tena kwa vipimo. Tatizo ni mtafsiri anayenyoosha mkono kwa lililo karibu.

Zaidi ya hayo, kuna mahali ambapo sarufi yetu inakishinda Kiingereza kwa usahihi. Tuchukue 'must'. Mwingereza akisema 'she must be at home', huwezi kujua bila muktadha kama anaamuru au anakisia. Kiswahili hutenganisha mambo hayo kwa umbo la kitenzi. "Lazima awe nyumbani" ni agizo. "Lazima yuko nyumbani" ni kisio la mtu aliyeona taa inawaka. Hata kijana wa Nairobi anayesema "lazima ako home" amehifadhi tofauti hiyo, hata kama ameviacha viambishi vingine kwenye matatu.

Ukanushi nao hutupa faida kubwa. Wanafunzi wetu wengi huandika 'you must not come' wakikusudia kusema kwamba mtu anaweza kukaa kwake akipenda. Wamepiga marufuku bila kujua, kwa sababu Kiingereza kilitaka waseme 'you need not come'. Katika Kiswahili kosa hilo ni gumu kulitenda, kwa sababu ukanushi huonekana ulipokaa: "si lazima uje" umekana ulazima, ilhali "ni lazima usije" umekana kuja. 'May not' ina utata kama huo. Inaweza kuwa katazo, inaweza kuwa shaka. Sisi tuna "haruhusiwi kuingia" kwa katazo na "huenda asiingie" kwa shaka. Nani atachanganyikiwa hapo?

Ila kuna mtego mmoja. 'May' na 'can' zote mbili hutafsiriwa kwa 'weza', na 'weza' ina mzigo wake. Tukiandika "Mwenyekiti anaweza kuitisha mkutano wa dharura," tumesema nini? Kwamba ana uwezo? Kwamba huenda akauitisha? Au kwamba ameachiwa hiari? Huko pwani, ukiambiwa mwenyekiti hawezi, utauliza ana homa au nini, kwa kuwa 'hawezi' ni mgonjwa. Kama kinachokusudiwa ni mamlaka ya hiari, basi tuseme hivyo: "Mwenyekiti ana hiari ya kuitisha mkutano wa dharura," au "ameruhusiwa kuitisha". Neno moja zaidi linaokoa mabishano ya saa nzima.

Ajabu ni kwamba wenye lugha yao nao wameanza kuichoka 'shall'. Katiba ya muda ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilitumia 'shall'. Ile ya mwaka 1996 iliyoifuata ilikusudia kueleweka na raia wa kawaida, na ikachagua 'must'. Marekani ilipoandika upya kanuni za mahakama zake za shirikisho za kesi za madai mwaka 2007, 'shall' iliondolewa, ikawekwa 'must' mahali pa wajibu na 'may' mahali pa hiari. Waliona kwamba neno moja lililokuwa likifanya kazi nyingi mno lilikuwa limeacha kufanya hata moja vizuri. Sisi tunaendelea kuitafsiri 'shall' kwa umbo ambalo tangu asili halikuwa na deni ndani yake.

Napendekeza mambo manne kwa yeyote anayeandika kanuni, mkataba au sheria ndogo ya kaunti kwa Kiswahili. Kwanza, wajibu uandikwe kwa 'ni lazima' au 'ni sharti' na kitenzi kilicho katika dhamira tegemezi: "ni lazima mpangaji alipe." Pili, katazo lisiandikwe 'hatapangisha' bali 'asipangishe' au 'haruhusiwi kupangisha'. Tatu, hiari itajwe kwa jina lake badala ya kujificha chini ya 'anaweza'. Nne, kila wajibu uwe na mtu wa kuutekeleza, na kauli ya kutendwa iachiwe mambo ambayo mtendaji wake hana umuhimu. '-ta-' ibaki na kazi yake halali ya kutaja yatakayotokea: "Mkataba huu utakwisha tarehe 31 Desemba."

Walimu wa Kiingereza nao wasiwafunze watoto 'shall' kama kipashio cha wakati ujao pekee. Na walimu wa Kiswahili tusiridhike na majedwali ya '-na-, -li-, -ta-, -me-' kana kwamba kitenzi ni saa ya ukutani. Kitenzi hupima wakati, lakini pia hupima nani anadaiwa nini. Mtoto akiijua tofauti ya 'atalipa' na 'ni lazima alipe', siku atakayoletewa mkataba atie sahihi atajua pa kutazama kabla ya kuchukua kalamu.